Sura ya Sita: Nzi Apendaye Ndege

Kinga kubwa ya ndege mdogo ni mabawa yake, na msimu wa kutaga ndio wakati ambapo kinga hiyo haimfai kitu, kwa kuwa mayai hayaruki na makinda hawajaota manyoya. Kwa wiki tatu au nne familia nzima hufungwa mahali pamoja, penye joto na unyevunyevu na mabaki ya chakula, na kiumbe yeyote anayetafuta damu akipafahamu mahali hapo hupata karamu isiyoweza kumkimbia. Ndiyo maana viota vya ndege, kila pembe ya dunia, vimekuwa makazi ya utitiri, viroboto, kupe, chawa na nzi, na ndiyo maana pia ndege wenyewe, katika maelfu ya vizazi, wamejipatia mbinu za kuvisafisha, kuvihama au kuvitandika majani yenye harufu kali. Sura hii inahusu kundi moja tu la wadudu hao, yaani nzi ambao mabuu wao hunyonya damu ya makinda, na kwa upekee zaidi inahusu nzi mmoja ambaye kwao hakuwahi kuhesabiwa kuwa tishio kubwa, lakini alipofika katika visiwa vya Galapagos alianza kuwaua makinda wa ndege wanaotajwa kuliko karibu wote katika historia ya elimu ya viumbe.

Jina la kisayansi la nzi huyo ni Philornis downsi. Sehemu ya kwanza ya jina imeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kupenda na ndege, na upendo unaokusudiwa ni ule wa mdudu ambaye mabuu wake hawana chakula kingine cha kuwakuza isipokuwa damu ya makinda. Ni wa familia moja na nzi wa nyumbani, na asiye mtaalamu akimwona ametua juu ya papai lililooza hawezi kumtofautisha kwa urahisi na nzi wa jikoni, maana akiwa mzima haumi wala hanyonyi damu. Hula maji ya matunda, nekta ya maua na vitu vinavyochacha. Jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, ina spishi zipatazo 50, karibu zote za Amerika ya kitropiki, na mabuu wa nyingi kati ya hizo hupenya chini ya ngozi ya kinda na kukaa humo kama jipu. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuipata picha hiyo kwa kumkumbuka nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa kivulini na kuwalazimu wazazi kupiga pasi hata nepi za mtoto. Philornis downsi hafuati njia hiyo. Buu wake hubaki nje ya mwili, hujificha kwenye kitako cha kiota na kupanda kunyonya hasa usiku, na mwenzake wa karibu kwa tabia barani Afrika ni yule funza wa sakafuni, buu wa nzi wa jenasi ya Auchmeromyia, ambaye hujichimbia kwenye vumbi la sakafu ya udongo na kutoka gizani kumnyonya mtu aliyelala mkekani.

Maisha ya nzi huyu ndani ya kiota yalifahamika vizuri pale watafiti walipoanza kuweka kamera ndogo viotoni. Jike huvizia mama ndege anapoondoka kwenda kutafuta chakula, huingia, hutaga mayai yake katikati ya nyuzi na majani ya kiota, kisha hutoka. Na hufanya hivyo hata wakati ndege bado anaatamia, makinda wakiwa hawajaanguliwa. Buu anapototolewa hupitia hatua tatu za ukuaji, kila moja ikitenganishwa na inayofuata kwa kujivua ngozi. Katika hatua ya kwanza wengi huingia kwenye matundu ya pua ya makinda na kula damu na tishu za humo, na katika hatua ya pili na ya tatu hukaa chini ya kinda, wakitoboa ngozi ya tumbo, miguu na mabawa. Kamera zimewaonyesha makinda wakijikuna, wakiwadonoa na kuwameza baadhi ya mabuu, na hata kupandiana mgongoni ili kuikimbia sakafu ya kiota, yule wa chini akibaki ndiye wa karibu zaidi na adui. Baada ya siku chache buu huwa amekomaa. Hapo hujitengenezea kifuko cha povu linalokauka na kugandamana na nyuzi za kiota, hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia ambamo mwili wa buu huvunjwa na kujengwa upya, na kwa kawaida wiki moja au mbili baadaye huibuka nzi mzima.

Katika mpango huo wa maisha limo jambo linalopaswa kuzingatiwa, nalo ni kwamba kifo cha mapema cha kinda hakimfaidii nzi. Kinda akifa kabla ya buu kukomaa, buu naye hupungukiwa chakula, hugeuka pupa akiwa mdogo au hafiki huko kabisa. Kimelea kilichoishi na mwenyeji wake kwa muda mrefu, na mwenyeji hapa ni kiumbe anayemlisha mwingine bila ridhaa yake, kwa kawaida huwa katika hali ya kuviziana na kuvumiliana ambayo haiangamizi upande wowote. Huko Galapagos mizani hiyo haikuwapo. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba mabuu wa kiota kimoja mara nyingi ni watoto wa majike kadhaa waliotaga hapo kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akifuata maslahi ya wanawe, na matokeo yake ni kiota chenye mabuu 30 au 60, na wakati mwingine zaidi ya 100, wakiwategemea makinda watatu au wanne ambao kila mmoja alianguliwa akiwa na uzito wa gramu moja au mbili. Makadirio yaliyofanywa katika kisiwa cha Santa Cruz yalionyesha kwamba makinda walikuwa wakipoteza kati ya asilimia 18 na 55 ya damu yao, kiasi ambacho mnyama yeyote hawezi kukistahimili kwa muda mrefu. Tafiti mbalimbali zikiwekwa pamoja, wastani wa makinda wanaofia viotoni ni zaidi ya nusu, na iko misimu na mahali ambapo hakuna hata kinda mmoja wa viota vilivyochunguzwa aliyeruka.

Ndege wenyewe wanahitaji maelezo. Galapagos ni visiwa vya volkano vilivyo umbali wa takriban kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador, nchi inayovimiliki, na ndege wake wadogo wa nchi kavu walitokana na wageni wachache waliovuka bahari zamani sana na kugawanyika, kisiwa kwa kisiwa na chakula kwa chakula, hadi kuwa spishi mbalimbali. Charles Darwin alivitembelea visiwa hivyo mwaka 1835, na kundi linalojulikana zaidi limepewa jina lake: chiriku wa Darwin, spishi zipatazo 17 zinazotofautiana hasa kwa umbo la mdomo, wengine wakiwa na mdomo mnene wa kuvunjia mbegu ngumu na wengine mwembamba wa kuokotea wadudu. Neno chiriku linatumika hapa kwa mazoea tu, kwa kuwa kinasaba ndege hawa si ndugu wa karibu wa chiriku wa Afrika. Mintarafu mada hii, jambo la maana ni kwamba baadhi ya spishi hizo zinaishi katika kisiwa kimoja tu, au katika kipande kimoja cha kisiwa, na spishi ya aina hiyo haina mahali pengine pa kukimbilia.

Nzi huyo alielezwa kisayansi mwaka 1968 kutokana na vielelezo vya Trinidad, na hakuna aliyemhusisha na Galapagos hadi mwaka 1997, watafiti waliokuwa Santa Cruz walipokuta mabuu wake kwenye viota vya chiriku. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2001. Baadaye makusanyo ya zamani yalipochunguzwa upya, ikaonekana kwamba nzi wa spishi hiyo walikuwa wamekwisha kunaswa visiwani mwaka 1964. Kwa maneno mengine, mdudu alikuwapo kwa zaidi ya miaka 30, katika visiwa vinavyochunguzwa na wataalamu wengi wa ndege, bila kutambuliwa kuwa ni tatizo, huku vielelezo vyake vikiwa vimehifadhiwa katika visanduku vya makumbusho. Ni rahisi kuwalaumu watafiti, lakini lawama hiyo haiwatendei haki, kwa sababu buu hujificha chini ya matandiko ya kiota wakati ambapo mtu huja kuchungulia, na kinda mdogo akifa katika kisiwa chenye ukame wa mara kwa mara, njaa ndiyo inayoshukiwa kwanza. Fundisho halisi lipo upande mwingine: kazi ya kupanga na kutambua wadudu katika makumbusho, ambayo serikali nyingi huiona kuwa ya anasa na kuinyima fedha, ndiyo iliyotoa tarehe ambayo bila hiyo historia ya janga hili ingeanza kuhesabiwa miaka 33 baada ya wakati wake.

Katika kisiwa cha Floreana wanaishi chiriku wa mitini wa wastani, Camarhynchus pauper, ambao hawapatikani kisiwa kingine chochote na ambao sasa wamo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na katika kisiwa hichohicho chiriku mwembamba wa kijivu, mla wadudu, hayupo tena. Ndege mwekundu mwenye kudaka wadudu wa San Cristóbal, Pyrocephalus dubius, hajaonekana tangu mwaka 1987. Alipotambuliwa rasmi mwaka 2016 kuwa spishi inayojitegemea, alikuwa tayari anahesabiwa kuwa ametoweka. Kumbebesha nzi peke yake mzigo wa hasara zote hizo ni kukosa insafu, kwa kuwa visiwa hivyo vimepata pia panya, paka, mimea vamizi na mashamba, na kisa cha San Cristóbal hakina ushahidi wa moja kwa moja. Lakini pale ambapo ushahidi umekusanywa kiota kwa kiota, kama Santa Cruz na Floreana, uzito wa nzi haukwepeki.

Hata chiriku anayeonekana kuwa salama hana uhakika. Chiriku wa ardhini wa wastani, Geospiza fortis, ni miongoni mwa ndege wa kawaida Santa Cruz, ambaye mgeni humwona akidonoa makombo chini ya meza za migahawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichukua takwimu za uzazi wake za miaka kadhaa na kuzipeleka mbele kwa hesabu, yaani walijenga kielelezo cha kihisabati kinachokadiria idadi ya ndege mwaka hadi mwaka. Wakichukulia kwamba miaka mibaya ya uzazi itaendelea, ndege hao hutoweka kisiwani humo kwa wastani wa miaka 50 hivi; wakichanganya miaka mibaya na mizuri, muda huo hurefuka hadi miaka 80 hivi; wakichukulia miaka mizuri pekee, ndege hudumu. Hesabu hizohizo zilionyesha pia kwamba mzigo wa nzi ukipunguzwa kwa asilimia 40, hatari hiyo huondoka kwa kiasi kikubwa, na matokeo hayo yana thamani ya pekee kwa mtu wa uhifadhi, kwa kuwa kumfuta mdudu katika visiwa vyote ni jambo gumu mno, ilhali kumpunguza karibu nusu ni lengo ambalo akili ya binadamu inaweza kulishika.

Swali linalostahili kukaliwa ni kwa nini ndege mmoja hufa pale ambapo mwingine huponyoka. Katika viota vya Santa Cruz hutaga pia ndege mwigaji wa Galapagos, Mimus parvulus, mkubwa kuliko chiriku, na kiota chake huvamiwa na nzi yuleyule kwa wingi. Makinda wake hawafi kwa kiwango cha chiriku, na sababu iliyopatikana haihusu kumwondoa mdudu hata kidogo: makinda wenye mabuu hulilia chakula zaidi, wazazi huitikia kwa kuleta chakula zaidi, na lishe hiyo ya ziada hufidia damu inayopotea. Wataalamu huuita uwezo huo uvumilivu, wakimaanisha hali ya kubeba kimelea bila kudhurika sana, na huutofautisha na ukinzani, ambao ni kukiua au kukifukuza. Wazazi wa chiriku hawaongezi chakula kwa namna hiyo. Uvumilivu wenyewe nao una masharti, maana uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba hutegemea hali ya mwaka, hivyo mwaka ambao mazingira yana dhiki huweza kumnyang'anya ndege mwigaji kinga aliyokuwa nayo mwaka wa neema. Chiriku majike wanaoatamia hutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazomtambua mvamizi, lakini kinda wa siku chache hana muda wa kufanya hivyo, naye ndiye anayenyonywa.

Kulinganisha na mahali pengine kunasaidia, ingawa hakutoi jibu jepesi. Katika kisiwa cha Korsika, kinachomilikiwa na Ufaransa, viota vya ndege wadogo wenye utosi wa buluu huvamiwa vikali na nzi wa jenasi ya Protocalliphora, na ndege hao huendelea kuwa wengi. Mama ndege huleta kiotoni vipande vya mrujuani, mnanaa na mimea mingine yenye kunukia, na ilidhaniwa kwa muda kwamba harufu hiyo huwafukuza nzi. Majaribio hayakuthibitisha hilo, lakini yalionyesha kwamba mimea hupunguza bakteria kwenye ngozi ya makinda na kuwapa afya bora. Huko ndege na nzi wamejuana kwa karne zisizohesabika. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema kwamba kimelea mgeni huua na yule wa zamani huvumilika, kama kisiwa cha Tasmania kisingeitia dosari kanuni hiyo. Huko, ndege mdogo sana mwenye madoa meupe mabawani, Pardalotus quadragintus, hupoteza makinda wengi kwa nzi Passeromyia longicornis, ambaye asili yake ni kisiwa hichohicho. Ndege huyo alikwisha kudhoofishwa na kukatwa kwa miti ya mikaratusi anayoitegemea na kubanwa kwenye maeneo machache, na nzi aliyekuwa mzigo wa kawaida kwa ndege wengi akawa pigo kwa ndege wachache. Jenasi hiyo ya Passeromyia inapatikana pia barani Afrika, ambako mabuu wake hunyonya makinda wa ndege mbalimbali, na ndege wa Afrika hawajatangazwa kuwa hatarini kwa ajili yao. Rai ya sura hii, basi, ni kwamba ugeni wa nzi ni nusu tu ya hatari. Nusu ya pili ni uchache wa ndege, na uchache huo katika sehemu nyingi ulitengenezwa na binadamu kabla nzi hajatajwa.

Kifo cha makinda kinahesabika. Madhara yanayobaki kwa walionusurika ni vigumu zaidi kuyaona. Kinda aliyeliwa ndani ya pua hukua akiwa na matundu ya pua yaliyopanuka na kuharibika, na alama hiyo haiondoki utu uzimani. Watafiti wakiongozwa na Sonia Kleindorfer, ambaye amefanya kazi Floreana na Santa Cruz kwa miaka mingi, waligundua kwamba madume wa aina hiyo huimba nyimbo zenye ubora duni, na kwa kuwa wimbo ndio unaomwambia jike kuwa dume ni wa spishi yake na ana afya njema, ulemavu wa pua huweza kuvuruga uchaguzi wa wachumba. Huko Floreana chiriku wa mitini wa wastani wameonekana kuzaana na chiriku wa mitini wadogo na kuzaa chotara, na viota vya chotara hao vimekutwa na mabuu wachache zaidi. Kama hilo litakuwa njia ya ndege kujiokoa, basi wokovu huo utakuja kwa gharama ya kufifisha mpaka kati ya spishi mbili, na mhifadhi anayependa orodha safi za spishi atalazimika kulikubali jambo asiloliandalia jina. Chiriku kadhaa wameonekana pia wakichuma majani ya Psidium galapageium, ndugu wa mpera unaojulikana Afrika Mashariki, na kujisugua nayo manyoya. Maabara imeonyesha kwamba maji ya majani hayo hufukuza mbu na kuzuia ukuaji wa mabuu wa nzi, hivyo tabia hiyo ina maana hata kama haitoshi kuokoa kiota.

Hakuna mahali ambapo haya yote yanabana zaidi ya kwenye mikoko ya kisiwa cha Isabela. Chiriku wa mikoko, Camarhynchus heliobates, aliwahi kuishi pia kisiwa cha Fernandina. Sasa amebaki katika vipande viwili vya mikoko, Playa Tortuga Negra na Caleta Black, ambavyo jumla yake ni kama hekta 30, na idadi yake yote inakadiriwa kuwa karibu ndege 100, jozi zinazotaga zikiwa kama 20. Panya weusi ndio walioshambuliwa kwanza, na walipopunguzwa ikadhihirika kwamba makinda waliokuwa wakinusurika na panya sasa walikuwa wakiishia kwa nzi. Kuanzia mwaka 2014 Taasisi ya Charles Darwin na Mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Galapagos, wakisaidiwa na bustani ya wanyama ya San Diego, walianza kuchukua mayai ya mwanzo wa msimu, ambayo makinda wake karibu wote wangemalizwa na mabuu, na kuyapeleka kituoni Puerto Ayora, kisiwa cha Santa Cruz, ambako yaliwekwa kwenye mashine ya kutotoleshea na makinda wakalishwa kwa mkono kwa saa nyingi za kila siku. Jozi zilizonyang'anywa mayai hutaga tena, hivyo msimu haupotei. Mwaka huo wa kwanza ndege 15 walirudishwa Isabela, wakakaa kwa muda katika vizimba vilivyojengwa ndani ya mikoko ili wapazoee, kisha wakaachiwa. Kazi hiyo ilidai fedha, safari za mashua na uangalifu wa kuzuia magonjwa, na watu walioifanya walijua kwamba haingeweza kuendelea milele.

Ilikuwa Santa Cruz ambako Sarah Knutie, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu, aliona chiriku wakija kwenye kamba za kuanikia nguo na kunyofoa nyuzi za kujengea viota. Kutokana na hilo yeye na wenzake waliandaa vizimba vidogo vya waya vyenye pamba, baadhi vikiwa na pamba iliyolowekwa katika permethrini na baadhi pamba ya maji matupu, wakaviweka porini na kuwaachia ndege wajichukulie. Permethrini si jina geni Afrika Mashariki: ni dawa inayotiwa katika vyandarua vya mbu, vikiwemo vinavyotengenezwa Arusha, nayo imebuniwa kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Chiriku walizichukua pamba zote mbili bila kubagua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba viota vyenye pamba ya dawa vilikuwa na mabuu kama nusu ya vile vyenye pamba ya kawaida, na kwamba katika viota 8 vilivyokuwa na angalau gramu moja ya pamba ya dawa, 7 havikuwa na buu hata mmoja. Gramu moja ya pamba hujaa kwenye ncha za vidole. Huko Tasmania wazo hilohilo lilitumika kwa manyoya ya kuku, kwa sababu ndege wa huko hupenda kuyatandika kiotoni, na uhai wa makinda ukapanda kutoka asilimia 8 hadi 95. Katika Jamhuri ya Dominika, ambako nzi mwingine wa jenasi ya Philornis huwashambulia makinda wa mwewe wa Ridgway, watu hupanda miti na kuwatibu makinda mmoja mmoja kwa mikono yao.

Dawa, hata ikifaulu kiasi hicho, huokoa kiota na haigusi idadi ya nzi waliomo msituni, ndiyo maana juhudi nyingine zimeelekezwa kwa mdudu mwenyewe. Mitego yenye maji ya papai na sukari huwanasa nzi wazima, na uchunguzi wa harufu umeonyesha kwamba kinachowavuta ni mivuke ya uchachukaji, hasa asidi asetiki na ethanoli, lakini mitego inayofaa kupimia wingi wa nzi haitoshi kuwamaliza. Mbinu ya kuachia madume tasa huwajia haraka wasomaji wa Tanzania, kwa kuwa ndiyo iliyoiondolea Unguja mbung'o: mamilioni ya madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yaliachiwa kutoka kwenye eropleni, yakawapanda majike bila kuzalisha, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Lakini mbung'o walifugika. Philornis downsi amewasumbua wafugaji wake. Mabuu wamelelewa kwa mafanikio kwa chakula chenye damu ya kuku, bali kuwafanya wazima wapandane na kutaga kizimbani kwa wingi na kwa mfululizo kumekuwa kugumu, na mbinu inayotaka mamilioni ya madume haiwezi kuanza pasipo ufugaji wa uhakika.

Tumaini lililochunguzwa kwa muda mrefu zaidi limo kwa nyigu mdogo anayeitwa Conura annulifera, anayepatikana Ekuador bara, kwenye asili ya nzi mwenyewe. Jike la nyigu huyo hutoboa ganda la pupa wa nzi na kutaga humo yai moja, buu la nyigu humla pupa, na badala ya nzi hutoka nyigu. Hanyonyi ndege wala haumi watu. Utaratibu huo huitwa udhibiti wa kibiolojia, na wakulima wa muhogo barani Afrika wameufaidi tangu miaka ya 1980, nyigu Anagyrus lopezi alipoletwa kutoka Amerika ya Kusini kumpunguza kidungata aliyekuwa akiyamaliza mashamba. Galapagos nayo iliwahi kumpokea mdudu wa namna hiyo mwaka 2002, mdudu-kibibi mwekundu Rodolia cardinalis, aliyeachiwa ili kula wadudu gamba waliokuwa wakiinyonya mimea ya asili. Hata hivyo, kuingiza kiumbe kigeni katika visiwa vilivyoumizwa na viumbe wageni kunataka subira kubwa. George Heimpel wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake wamemjaribu nyigu huyo katika maabara zilizofungwa kwa pupa wa wadudu wengine, ili kuona kama atawagusa wasiohusika, na dalili zote zimeonyesha kwamba anachokitafuta ni Philornis. Visiwa vina nzi, nondo na vipepeo wasiopatikana popote pengine, na kila mmoja anayeweza kufanana na windo la nyigu anastahili kuchunguzwa kabla ya mlango kufunguliwa, kwa sababu nyigu akishaachiwa hakusanyiki tena.

Wakati majaribio hayo yanaendelea, kazi ya mikokoni inabaki kuwa ya mikono. Mvua za mwanzo wa mwaka zinapoanza na chiriku wa Isabela wanapojenga, walinzi na watafiti hupiga kambi Playa Tortuga Negra, hutafuta kila kiota juu ya mikoko mirefu, humsubiri mama ndege atoke, kisha huipenyeza dawa kidogo kwenye kitako cha kiota, chini ya makinda, mahali wanapolala mabuu. Mama ndege hurudi na kuendelea kulisha. Zamu inayofuata hupangwa kwa kalamu kwenye daftari la kambi, kiota kwa namba yake na tarehe yake, kwa sababu katika idadi ya jozi 20 hakuna kiota kinachoweza kusahauliwa.